Shajara Kabla ya Leja

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yachukulia kwamba daftari lenyewe halipotei, na kwa muda mrefu dhana hiyo ilitosha: daftari lilikuwa la karatasi, liliandikwa kwa wino, na lilipoanguka chini liliokotwa likiwa na maneno yale yale. Tangu kumbukumbu zianze kuhamishwa kutoka karatasi hadi kompyuta, limezuka swali jingine lililo gumu zaidi. Daftari likikatika katikati ya neno, nani atakayejua ni nusu ipi iliyo kweli? Historia ya swali hilo na ya majibu yake imeandikwa zaidi California, Edinburgh na Helsinki; lakini uzito wake huonekana vizuri zaidi mahali ambapo taa huzimika bila taarifa, na kwa hiyo yafaa kuitazama kutoka Ntobeye, kata ya wilaya ya Ngara, katika pembe ya mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi.

Katika vilima hivyo vya Wahangaza na Washubi, na katika nchi jirani ya Biharamulo, thamani ya kuandikwa haihitaji kufundishwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, wakatua Benaco, mahali ambapo kabla ya hapo hapakuwa na mji. Katika kambi ya namna hiyo orodha ndiyo chakula. Aliyekosa jina alikosa kadi, na aliyekosa kadi alikosa unga. Ichukuliwe kwa mfano jamaa ya watu saba inayoandikishwa jioni: mwandishi ameandika baba na watoto wawili, kisha akaitwa kando. Jamaa hiyo imo katika hatari kubwa kuliko jamaa isiyoandikwa kabisa. Isiyoandikwa itarudi kesho kupanga foleni. Iliyoandikwa nusu yaonekana kuwa imekwisha kuandikwa, na kila atakayeitazama orodha ataamini kwamba watu wake ni watatu. Katika mfano huo mdogo limo jambo zima: hasara ya kumbukumbu yaweza kufidiwa, lakini kumbukumbu ya nusu hudanganya, tena hudanganya kwa sauti ya ukweli.

Waandishi wa karatasi walikuwa na dawa ya ugonjwa huo zamani sana, ingawa hawakuipa jina kubwa. Wafanyabiashara wa Kigujarati waliosambaa kutoka Unguja hadi bara waliandika kwanza katika rojmel, daftari la mambo ya siku kwa mpangilio wa kutokea kwake. Baadaye, duka likiisha kufungwa, walihamisha kila jambo katika leja, kwenye ukurasa wa mdaiwa wake. Leja ndiyo iliyotafutwa mtu alipouliza deni lake, kwa kuwa ilipangwa kwa majina. Lakini leja ilipoungua au ilipokosewa, iliweza kutungwa upya kutoka rojmel. Rojmel haikuweza kutungwa kutoka leja.

Vitabu vya MTUHA, vilivyoingia katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania katika miaka ya 1990, vina hekima ile ile. Mgonjwa wa nje haandikwi katika jumla. Huandikwa katika rejesta, mstari wake peke yake, kwa tarehe na namba. Ndipo mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa na jumla kupelekwa wilayani. Karatasi ya jumla ikilowa mvua njiani, muuguzi huhesabu tena, kazi ya kuchosha lakini isiyo na msiba.

Basi kompyuta ilipokuja ilivunja utaratibu huu bila kukusudia. Sababu yake yafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani wengi huamini kwamba kilichokwisha kuonekana juu ya kioo kimekwisha kuandikwa. Sivyo. Maneno hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo ni nyepesi na ya haraka, lakini hufutika umeme ukizima. Diski ni ya kudumu, lakini ni nzito: diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika hupitisha mahali pamoja mbele ya sindano mara 120 tu kwa sekunde, ilhali kompyuta yenyewe hutenda mamilioni ya mambo katika muda huo. Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji hukusanya maandishi, huyapanga upya kwa namna itakayopunguza safari za sindano, kisha huyashusha wakati unaoufaa wenyewe. Zaidi ya hayo, jambo lililo moja machoni pa mtu ni mambo mengi diskini. Kuongeza mgonjwa mmoja ni kubadili ukurasa wa majina, ukurasa wa namba, orodha ya nafasi zilizo wazi na hesabu ya ukubwa wa faili. Umeme ukikatika baada ya mawili na kabla ya mawili, hapo ndipo jamaa ya watu saba inapobaki na watu watatu.

Waliolikabili jambo hili kwa nadharia walikuwa hasa watu wa hifadhidata. Katika maabara ya IBM ya San Jose, miaka ya 1970, mradi ulioitwa System R ulijaribu njia mbili kwa pamoja: kutunza nakala ya zamani ya kila ukurasa mpaka mpya ukamilike, na kuandika shajara ya mabadiliko. Walipotathmini kazi yao walikiri waziwazi kwamba shajara peke yake ingalifaa zaidi. Mmoja wao, Jim Gray, ndiye aliyeupa muamala maana yake ya kitaalamu: jambo ambalo ama hutendeka lote ama halikutendeka kamwe, na likiisha kuthibitishwa halirudi nyuma. Gray alipewa tuzo ya Turing mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco, na hakuonekana tena. Kitabu kikubwa alichokitunga pamoja na Andreas Reuter, kilichochapwa mwaka 1993, huanza habari yake kwa Wasumeri na vigae vyao vya udongo, jambo lionyeshalo kwamba alijua vema undugu wa kazi yake na ya makarani wa kale. Kanuni yenyewe yaweza kusemwa kwa sentensi moja: ukurasa wa leja usishushwe diskini kabla ya mstari wa shajara unaoueleza kushushwa. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wa IBM waliifafanua kanuni hiyo kwa ukamilifu katika makala juu ya utaratibu walioupa jina la ARIES, na hifadhidata nyingi zilizofuata zimekunywa katika kisima hicho.

Mifumo ya faili ilichelewa. Katika Linux, mfumo uliotumika sana tangu mwaka 1993 uliitwa ext2, nao haukuwa na shajara. Kompyuta iliyozimika ghafula ilipowashwa tena ilibidi diski nzima ikaguliwe, faili kwa faili, kama karani anayehesabu upya magunia yote ya ghala kwa sababu mlango ulikutwa wazi. Diski zilipokuwa ndogo kazi hiyo ilikuwa ya dakika chache. Zilipokua ikawa ya saa nzima na zaidi. Mwaka 1998 Stephen Tweedie alieleza mpango wa kuiongezea ext2 shajara, na matunda yake, ext3, yaliingia rasmi katika Linux Novemba 2001.

Hapa historia yahitaji kusimama kidogo, kwa sababu katika ext3 swali la ufundi liligeuka kuwa swali la uchaguzi. Mwenye kompyuta alipewa njia tatu. Katika ya kwanza, shajara hupokea kila kitu, muundo na yaliyomo. Ndiyo salama zaidi, lakini kila neno huandikwa mara mbili. Katika ya pili, shajara hupokea muundo tu, ila yaliyomo hushushwa kwanza kabla ya muundo kuthibitishwa. Katika ya tatu muundo huingia katika shajara, na yaliyomo hushuka yanapotaka. Njia hii ya tatu ndiyo ya haraka, nayo ndiyo iliyo na mtego: baada ya umeme kukatika, faili yaweza kuonekana nzima, yenye jina lake na ukubwa wake sahihi, kumbe ndani yake mna takataka za faili nyingine iliyofutwa zamani. Njia ya kati ndiyo iliyowekwa kuwa ya kawaida. Mwaka 2009, katika toleo la 2.6.30, wenye Linux waliiweka njia ya tatu badala yake kwa ajili ya mwendo. Katika toleo la 2.6.36 la mwaka 2010 wakarudi katika ile ya kati. Mwenye kompyuta ambaye hakugusa kitu huenda alibadilishiwa kiasi cha hatari mara mbili bila kujua.

Jina la shajara liliwapotosha watu wengi, wasomi wakiwamo. Walidhani kwamba mfumo wenye shajara hulinda yaliyoandikwa. Lakini aghalabu hulinda muundo tu, yaani huahidi kwamba makabati yatasimama wima na droo zitafunguka, bila kuahidi chochote juu ya karatasi zilizomo. Somo hilo lilifika kwa kishindo mwanzoni mwa mwaka 2009. Mfumo mpya wa ext4, uliotangazwa kuwa tayari Desemba 2008, ulichelewesha kutafuta nafasi ya diski kwa sekunde nyingi ili kuongeza mwendo. Programu nyingi zilikuwa na desturi ya kuandika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani bila kuomba ishushwe diskini. Kompyuta zilipozimika, wenyewe walikuta faili zenye urefu wa sifuri, ya zamani haipo wala mpya haipo. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, alieleza kwamba programu ndizo zenye kosa, kwani amri ya kushusha, iitwayo fsync, ipo kwa ajili hiyo, na asiyeiomba hakuahidiwa kitu. Kwa sheria alikuwa na haki. Hata hivyo aliongeza marekebisho ya kuzihurumia programu hizo, na alifanya vizuri. Sheria ambayo karibu kila mtu huivunja bila kujua ina kasoro yake yenyewe.

Hapa ndipo mkondo wa mifumo ya faili unapokutana na ule wa hifadhidata, na ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika historia hii. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta mbili, kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana. Programu ilikuwa Microsoft Access, ya kawaida kabisa. Lakini kompyuta zilisimamishwa juu ya betri za akiba zilizojazwa kwa nguvu ya jua. Waanzilishi hao walijua walipo. Kutokana na kazi yao ilizaliwa OpenMRS, iliyoanza kuundwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ilikuwa ikitumika Eldoret na pia Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda, si mbali na Rusumo kwa mwenye kuvuka mto Kagera.

OpenMRS iliwekwa juu ya hifadhidata ya MySQL, na MySQL ya siku zile ilikuwa na matumbo mawili. Moja, MyISAM, lilikuwa jepesi na halikuwa na shajara ya miamala. Jingine, InnoDB, kazi ya Heikki Tuuri wa Helsinki, lililoingizwa mwaka 2001, lilikuwa nayo. MyISAM ndiyo iliyokuja bila kuombwa mpaka toleo la 5.5 la Desemba 2010. Wenye OpenMRS waliamuru majedwali yao yawe ya InnoDB, na kwa amri hiyo ya neno moja waliwaepusha makarani wa kliniki nyingi na kazi ya kutengeneza majedwali yaliyovunjika kila umeme uliporudi.

Kwa upande wa pili, taarifa za MTUHA zilipanda katika DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania kufikia mwaka 2013. Chini yake aghalabu hukaa hifadhidata ya PostgreSQL, iliyopata shajara yake katika toleo la 7.1 la mwaka 2001. Katika PostgreSQL mna mipangilio miwili ambayo wasimamizi wa seva huichanganya, na kuichanganya ni hatari. Wa kwanza humruhusu msimamizi kusema: muamala uthibitishwe kwa mteja kabla ya shajara kufika diskini. Umeme ukikatika, miamala ya mwisho, kwa kawaida ya muda usiofika sekunde moja, itapotea. Lakini kilichobaki kitakuwa kamili, kana kwamba saa ilirudishwa nyuma kidogo. Wa pili huzima amri ya kushusha yenyewe. Hapo hakuna tena utaratibu kati ya shajara na leja, na umeme ukikatika hifadhidata yote yaweza kuharibika. Yote miwili huongeza mwendo, na yote miwili husifiwa katika ushauri wa haraka kwa maneno yanayofanana. Lakini wa kwanza humwambia mgonjwa wa mwisho arudi kuandikwa, na wa pili huwasahau wote waliotangulia. InnoDB nayo ina mpangilio wa namna ya ule wa kwanza, wenye thamani tatu, na ni thamani ya 1 peke yake ishushayo shajara kwa kila muamala. Nyingine huachia takriban sekunde moja ya kazi hewani.

Upo pia ugonjwa wa ukurasa uliochanika. Ukurasa wa PostgreSQL una baiti 8,192, lakini diski huandika kwa vipande vidogo zaidi, vya baiti 512 au 4,096. Nusu ya ukurasa yaweza kuwa mpya na nusu ya zamani, na shajara inayoeleza mabadiliko tu haiwezi kuuponya ukurasa ambao hata msingi wake haujulikani. Kwa hiyo PostgreSQL hunakili ukurasa mzima katika shajara mara ya kwanza unapoguswa baada ya kila ukaguzi; InnoDB huandika kila ukurasa mara mbili, mahali pawili. Mwenye kuzima kinga hizo kwa sababu ya mwendo yafaa kwanza auulize umeme wake.

Na umeme wa Ngara umekuwa na historia yake. Kabla ya gridi ya taifa kuufikia, mji ulitegemea mashine za dizeli, na mashine ya dizeli huzimika mafuta yakiisha. Leo maporomoko ya Rusumo yana mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zimegawana. Lakini gridi haikuondoa kukatika. Ilibadili ukubwa wake. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya gridi iliikumba Tanzania. Mipangilio ya kawaida ya programu hutungwa kwa sehemu kubwa na watu ambao seva zao hukaa katika majengo yenye jenereta mbili. Si kosa lao, lakini si wajibu wa mwenye kituo cha afya kuwafuata.

Hata mpangilio ulio sahihi hautoshi diski ikisema uongo. Diski nyingi zina kumbukumbu yao ndogo ya muda, na hujibu kwamba zimekwisha kuandika ilhali maneno yangali humo. Kwa miaka mingi ext3 haikuzilazimisha kumwaga kumbukumbu hiyo, kwa kuwa kufanya hivyo kulipunguza mwendo. Ext4 ilizilazimisha tangu mwanzo. Betri ya akiba husaidia, lakini betri iliyochoka baada ya miaka mitatu ya joto na vumbi hufa kwa ghafula kuliko umeme wenyewe, na aghalabu hakuna aliyeipima.

Msiba wa mwisho wa kutajwa uligunduliwa mwaka 2018, miaka 17 baada ya PostgreSQL kupata shajara. Ilidhihirika kwamba katika Linux, kushusha kukishindikana kwa hitilafu ya diski, amri ya fsync hutoa habari ya kushindwa mara moja tu. Kisha mfumo huzihesabu kurasa zile kuwa safi, na amri ikirudiwa hujibu kwamba mambo ni mema. PostgreSQL ilikuwa na desturi ya kujaribu tena, ikapokea jibu jema, ikaihesabu kazi kuwa imekamilika, na sehemu ya shajara iliyokuwa dawa ya pekee ikaachwa itumike upya. Wenye Linux na wenye PostgreSQL walijadiliana kwa miezi juu ya nani aliyemwahidi nani kitu gani. Katika matoleo ya Februari 2019 PostgreSQL iliacha kujaribu tena: amri ya kushusha ikishindwa mara moja, hifadhidata hujizima yenyewe kwa makusudi, huwaka upya, na kuisoma shajara yake mstari kwa mstari kuanzia alama ya ukaguzi wa mwisho.